Kibetri cha Kompyuta ya Marehemu

Kompyuta ilikuwa ya moto. Fundi Subira aliigusa mgongoni, akautoa mkono, akaigusa tena. Betri yake kubwa ilikuwa pembeni mezani, waya wa umeme haujachomekwa popote, na bado ilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

"Umekuja nayo juani?" alimuuliza mwenye mali.

"Ilikuwa kabatini tangu mume wangu afariki." Mjane alisimama karibu na mlango, hakutaka kukaa. "Fundi, nikwambie ukweli. Aliinunua kwa mtu. Ikaanza kumwita jioni kwa sauti ya mama yake, na mama yake tulishamzika. Mganga alisema ni jini, anaazima sauti za wafu ili afunguliwe mlango. Akamfungia humo, kwa nywila na kwa saa ya hiyo kompyuta. Akasema saa isirudishwe nyuma ya siku ile, maana hapo kifungo kinakuwa bado hakijafungwa."

"Sasa umeileta kwangu ya nini?"

"Mwanangu. Hajatamka neno tangu tumzike baba yake. Humo mna sauti ya baba yake akimsimulia hadithi. Nataka aisikie tu. Toa sauti, mengine yaache."

Watu walimwita Subira kwa kumkejeli, maana hakuwa nayo hata ya kungoja maji yachemke. Alimhurumia yule mama kwa moyo wake wote. Lakini habari za majini aliziweka fungu moja na za wateja wanaoapa kwamba kompyuta imejizima yenyewe, huku chai ikichuruzika kwenye vitufe.

Alipobaki peke yake aliichomeka umeme, akaiwasha. Mashine haikuiona diski yake, kwa hiyo ilibidi aingie bayosi, ile menyu ya ndani kabisa, aielekeze pa kuanzia. Akabonyeza F2. Kioo kikawa cheusi, na ndani ya mashine kitu kikagonga polepole, kama kidole juu ya meza. Akaizima, akawasha, akajaribu vitufe vingine. Weusi ule ule, kugonga kule kule.

"Feni hiyo," alijisemea. Feni alikuwa ameshaitoa, ilikuwa karibu na kiwiko chake.

Aliogopa, na mwenye pupa akiogopa huongeza mwendo. Kila fundi anaijua njia ya mkato: kwenye bodi kuna kibetri kidogo cha mviringo, ukikitoa mashine husahau nywila na mipangilio yote. Akakichokoa kwa ncha ya bisibisi. Kugonga kukakoma. Harufu ya udongo uliofukuliwa karibuni ikapita usoni pake, ikaelekea dirishani, ikatoka.

Akawasha. Menyu ikafunguka bila ubishi. Juu yake ilisomeka tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao mume wa mjane alikuwa bado hai na mganga hajaitwa. Kwa haraka yake alikuwa amesahau kwamba kibetri kile ndicho kinachotunza saa. Akaishika mashine. Ilikuwa imepoa kabisa.

Simu ikaita.

"Fundi," mjane alinong'ona. "Umeigusa saa?"

"Kuna nini?"

"Kuna mtu anabisha mlango wa mbele. Ananiita lile jina aliloniita mume wangu tukiwa wawili tu."

"Usifungue, dada. Naisogeza saa mbele sasa hivi, usifungue."

Akaibana simu begani, akabonyeza vitufe kwa vidole vilivyolowa jasho, akaupandisha mwaka ukapanda, akaachia ukashuka, akaupandisha tena akiushikilia kwa nguvu kana kwamba ni mlango unaosukumwa na mtu upande wa pili, na kila uliposhuka alisikia simuni kule kubisha kukiwa kwa upole zaidi, ubishaji wa mtu aliyechoka na kazi anayejua kuwa nyumba ni yake.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Jikoni."

"Na mtoto?"

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Alikuwa hapa. Alikuwa hapa sasa hivi."

Kisha, kwa mbali, Subira akasikia sauti ndogo, yenye kutu kwa kukaa muda mrefu bila kutumika.

"Nakuja, baba."

Komeo likavutwa.