Vichupa vya Udongo wa Kaoze

Saa mbili asubuhi. Majengo.

Chumba cha nyuma ya duka la spea kilinuka oili chafu. Zenon alisukuma komeo, akachuchumaa, akachora sakafuni kwa chaki.

"Geti. Kibanda cha mlinzi. Maabara. Friza liko hapa." Akainua macho. "Leo watafiti wanamzika mama wa mhasibu wao. Kituo kizima kinapanda gari la ofisi kwenda msibani. Anabaki mlinzi tu. Mtu asifungue mdomo. Nitaongea mimi."

Rosina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mfanyakazi wa maabara hiyohiyo, na kazini alishaaga kwamba anaumwa. Wilibrodi, dereva wa Fuso la samaki, alikodolea chaki tu. Tangu mguu wa mkewe Bertilla uanze kuoza, mambo yalikuwa yanampita tu. Sindano, dripu, vidonge, hakuna dawa iliyoshika. Kesho asubuhi madaktari wanaukata.

Mali yenyewe ungeiona ungecheka. Watafiti walizunguka Ufipa wakichota udongo kwenye matuta ya ntumba, yale ya kufukia nyasi zioze. Wakaotesha bakteria na kuvu waliomo, wakawapambanisha na vijidudu vya hospitali wajue nani anamuua nani. Bakteria mmoja, wa shamba fulani la Kaoze, akafyeka hata vile vilivyoshinda dawa zote. Wakamhifadhi kwenye vichupa. Sasa kuna bwana yuko Wampembe, kule ziwani, boti iko tayari, anavitaka vyote.

"Na changu?" Wilibrodi aliuliza.

"Kichupa kimoja, cha shemeji. Si nilishakuahidi, mshikaji?"

Basi. Mwenzetu hakutaka hata senti.

Saa sita mchana.

Fuso likaingia getini. Kofia za sufu zimevutwa hadi shingoni, macho tu yanaonekana. Zenon mbele na bastola, Wilibrodi nyuma na kamba. Rosina alibaki garini mpaka mlinzi afunikwe macho. Mzee alikuwa kibandani anatafuna hindi la kuchoma, kawapa mgongo. Akageuka.

Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa. Mdomo wa Wilibrodi ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mzee."

Jamani! Jambazi gani anaamkia watu? Lakini mtoto aliyelelewa Ufipa akalelewa kweli, akikutana na mvi uso kwa uso, shikamoo inatoka kabla hajafikiri.

"Marahaba, Wilibrodi," mzee akajibu, mahindi mdomoni. "Bertilla mguu unaendeleaje?"

Alikuwa mzee Sebastiani, jirani yake wa Kaoze, na sauti hiyo aliijua. Ndipo alipoiona bastola, na hindi likamponyoka.

Zenon alimpiga kitako cha bastola kichwani. Akarudia. Mzee akaanguka. Wilibrodi alimfunga mikono huku akitazama damu ikiingia kwenye kola ya sare, akingoja kuhuzunika. Hakuhuzunika. Hilo lilimtisha kuliko damu.

Rosina aliiruka miguu ya mzee, akaingia maabara, akarudi na vichupa. Akavifukia kwenye boksi la barafu la samaki.

"Mmalize," Zenon alimwambia Wilibrodi. "Kakujua."

"Siwezi."

"Akizinduka atataja jina moja, lako. Na wewe ukibanwa utataja yetu."

"Siwezi, Zenon."

Zenon alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Haya. Twende." Wilibrodi akakielewa kicheko hicho. Wampembe angefika. Kurudi asingerudi.

Saa saba. Barabara ya Namanyere.

"Dada Rosina," Wilibrodi aliuliza, macho barabarani, "hiyo ya Bertilla, anapakwa au anakunywa?"

Rosina alimgeukia Zenon. "Hukumwambia?"

"Endesha gari," Zenon alisema.

"Kaka Wili, hiyo si dawa. Ni bakteria hai. Ukimpaka unaweza kumwongezea kidonda. Mpaka watoe dawa humo, wapime, watu waitumie, ni miaka. Nani kakudanganya?"

Aliyemdanganya alikuwa amekaa katikati yao.

Mbele kulikuwa na kizuizi, askari wawili na bunduki. Kamba ilikuwa chini. Magari ya samaki wanayajua, huyaacha yapite.

"Pita," Zenon alinong'ona, bastola ubavuni mwa dereva.

Wilibrodi alikanyaga breki. Akazima gari, akatupa ufunguo nje.

"Afande, kuna mzee tumempiga kule kituo cha watafiti. Anavuja damu. Waambieni wamuwahi, halafu mtukamate."

Zenon akafyatua. Wilibrodi akasukuma mlango, akadondoka barabarani na bega lililochanika. Bunduki za askari zikajibu. Kelele za Rosina zilisikika mpaka askari walipomshusha. Zenon hakusikika tena.

Saa tisa, kizuizini, askari alipata taarifa kwamba mzee Sebastiani kafikishwa hospitali, anaongea. Wilibrodi aliitikia tu, bega limefungwa kitambaa. Simu ikaita mfukoni mwake. Askari aliitoa, akasoma jina la Bertilla, akamwekea sikioni.

"Baba Timoth, umeipata?"

"Hamna dawa, mama Timoth. Nilidanganywa."



"Basi wakate," Bertilla alisema. "Ila asubuhi uwepo. Unishike mkono. Peke yangu naogopa."

Wilibrodi alizitazama pingu. Uchungu wote aliokuwa akiutafuta ukaja kwa mpigo.

"Umenisikia, mume wangu?"

"Nimekusikia," akasema, na askari akaiondoa simu.