Kamba ya Pili

Hebu fumbeni macho, mkione chumba. Cherehani iko karibu na dirisha. Chini, mkekani, binti mdogo anapanga vifungo vya kwenye kopo: vyeupe huku, vyeusi kule. Nyuma yake amelala mbwa mzee, na kila baada ya muda anainua kichwa na kumlamba sikio. Binti anacheka. Nje jua linazama.

Mmekiona? Vizuri. Kaeni nacho.

Binti huyo mama yake alimwita Kifungo, kwa udogo wake. Mbwa aliitwa Zogo, na jina lilimkaa. Kila jioni aliinuka, akalielekea dirisha, akabweka mpaka sauti ikamkauka. Fundi, mama yake Kifungo, alichungulia mara nyingi. Hakuona kitu.

"Jirani, huyo mbwa wako siku akifa nitakuletea kitambaa unishonee nguo ya sherehe," alisema mama wa nyumba ya pili. "Mtafutie mtu wa kumtembeza jioni. Siku hizi kuna watu hiyo ndiyo kazi yao."

Fundi alikuwa na sare za shule za kumaliza, na makelele yalimkatisha uzi kila mara. Kesho yake mtu akabisha hodi. Alikuwa na viatu safi na sauti ya upole.

"Nimesikia una mbwa wa kutembezwa, mama."

Alikuwa na maswali, kama mtu anayeijua kazi yake. Mbwa hubweka wakati gani? Hulielekea dirisha lipi? Hulala wapi?

"Mlangoni kwa binti yangu."

"Na binti hulala peke yake?"

Fundi akajibu. Aliona huyu ni makini kweli. Zogo, ambaye hakuwahi kumnyamazia mgeni, alijikunyata chini ya cherehani na kujikojolea.

"Umeona anavyokuheshimu?" fundi alisema, akicheka kwa aibu.

Mgeni alikuwa na kamba mbili mkononi.

"Mbona mbili, baba? Mbwa ni mmoja."

"Ya pili ni ya akiba."

Jioni hiyo nyumba ilitulia. Uzi haukukatika. Fundi aliimba akishona.

"Mama," Kifungo alinong'ona, "Zogo akitoka, yule anasogea."

"Yule nani?"

"Anayebwekewa."

"Panga vifungo, mwanangu. Usinicheleweshe."

Jioni iliyofuata mtoto alimvuta gauni. "Mama, leo ameshika dirisha. Mwambie Zogo asiende."

"Ukisema tena nitakulaza bila taa."

Basi Kifungo hakusema tena. Alikuwa mtoto msikivu.

Jioni ya baadaye fundi alikanyaga cherehani yake kwa raha, akiwa amempa mtoto mgongo. Nyuma yake vifungo vililia kwenye kopo. Klik... klik...

Vikanyamaza.

Harufu ya udongo mbichi ikapita chumbani, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Fundi hakugeuka. Alikuwa katikati ya pindo.

Klik... klik... Vikaendelea.

Hodi ikapigwa. Mtembezaji alikuwa amemrudisha mbwa. Zogo aligoma kizingitini, manyoya yamemsimama. Akamtazama Kifungo. Akabweka kama alivyolibwekea dirisha.

Mtoto akatabasamu. "Mama, mfukuze. Ananitisha."

Fundi alichukua rula ya mbao akampiga mbwa. Alimpiga mgongoni, akampiga puani mpaka damu ikamtoka. Zogo hakumng'ata. Alibweka tu, macho yake kwa mtoto.

"Mchukue," fundi alisema akihema. "Mchukue moja kwa moja."

"Una hakika, mama?" Sauti ilikuwa ya upole bado. "Nikimchukua leo, nachukua vyote."

"Chukua. Nimesema."

"Umesema mwenyewe."

Fundi akafunga mlango, kisha akasimama dirishani kuwaangalia wakienda. Zogo alikuwa amefungwa kamba moja. Ile kamba ya pili nayo ilikuwa imenyooka, imekazwa, mwisho wake kwenye kimo cha mtoto mdogo. Hapakuwa na kitu kilichofungwa.

Zogo alitembea ubavuni mwa kamba hiyo. Wakafika chini ya taa ya barabarani. Akainua pua yake yenye damu, akalamba hewa.

Pale ambapo sikio lingekuwa.

Kamba ilitikisika, kama mtu mdogo anayevutwa huku akigeuka kutazama nyumbani. Kisha wakakata kona.

Nyuma ya fundi, klik. Aligeuka. Mtoto alikuwa akitia vifungo mdomoni, kimoja kimoja, akivimeza bila kutafuna.

"Funga dirisha, mama. Baridi inaingia."

Fundi alipiga kelele, alikimbia mitaa yote, alimwulizia mtembezaji kila mlango. Jirani alishangaa. "Mimi sikumtuma mtu. Nilidhani umempata mwenyewe." Watu wakamshika mkono, wakamrudisha. Si mwanao huyu hapa, mzima?

Miaka imepita. Fundi bado anashona. Gauni alilomshonea mtoto mwaka ule bado linamtosha. Jioni hukaa dirishani na rula mapajani, akisikiliza kama kuna mbwa anayebweka popote. Hakuna. Mtaa umetulia kama alivyotaka.

Sasa fumbueni macho, wapenzi wangu. Sitaki mkumbuke mengi. Kumbukeni hili moja tu: mbwa wako akibwekea kitu usichokiona, kabla hujampa mtu kamba, mwulize mtoto.