Vipande Viwili vya Nta

Maiti ilikutwa asubuhi, wakati wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya kuzibua mfereji, ndani ya tope jeusi chini ya chemchemi, juu kidogo ya mji mdogo wa Kikatiti, kwenye mlima Meru.

Inspekta Faudhia Khalfani aliacha gari barabarani akapanda kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Alipofika, wanakijiji walikuwa wamekaa pembeni, majembe chini, kimya.

"Nani aliyemwona kwanza?"

"Mimi, afande." Alikuwa mzee Emmanuel, mwenyekiti wa mfereji. "Nilidhani nimegonga mzizi. Kumbe ni mkono."

"Mnamfahamu?"

"Tunamfahamu sana. Ndiyo maana umetukuta tumenyamaza hivi."

Faudhia aliinama. Katika kazi yake alikuwa ameona maiti za kila namna, lakini hii ilimshangaza. Koti zito lilikuwa limeanza kuchakaa, ila uso ulikuwepo. Mashavu, kidevu, hata mkunjo wa paji la uso. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeupe ya kijivu, ngumu na yenye utelezi kidogo, kama mche wa sabuni uliosahaulika bafuni.

"Ni Anaeli, mfuga nyuki," alisema mzee. "Alitoweka masika ya mwaka juzi. Tuliambiwa amekimbilia Moshi na mwanamke."

"Nani aliyewaambia?"

"Reginald, katibu wa kikundi chetu cha nyuki. Alisema alimwona kwa macho yake akipanda gari pale Kikatiti."

Faudhia alimtazama tena marehemu. Masika ya mwaka juzi! Angepaswa kukuta mifupa.

"Mtu asimguse wala kumwagia maji," alimwamuru Sajenti Lerionka. "Mbebeni na tope lake."

Watu walipisha njia. Mwanamke mrefu, wa makamo, kitenge kimepigwa pasi na pete ya ndoa kidoleni, alikuwa anapanda mlima bila kukimbia. Hakuna aliyemshika mkono. Alisimama ukingoni mwa tope akautazama uso wa marehemu.

"Ndiye," alisema Penina, mke wa Anaeli. Kisha akawageukia majirani. "Mnamwona? Alikuwa hapa. Hapa hapa."

Wengi waliangalia chini.

"Shikamoo, mama," Faudhia alimwambia taratibu. "Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Pole nimepewa nyingi, na nyingine zilikuwa na kicheko ndani yake. Wewe nitafutie aliyemuua."

* * *

Daktari Namelok, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, hakuficha furaha ya kazi yake. Alimwita Faudhia chumba cha maiti kabla hata hajavua glovu.

"Wenzetu huiita nta ya maiti," alisema. "Miaka yote niliyofanya kazi Arusha, sijaona iliyokamilika namna hii."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa sheria."

"Chini ya ngozi zetu kuna mafuta. Kwa kawaida mwili ukiwa na hewa, mafuta huoza na kupotea pamoja na nyama. Huyu alizikwa kwenye tope zito, lenye maji, lisilopitisha hewa. Bakteria wakayavunja mafuta yake yakabaki asidi za mafuta. Na maji yetu ya mlimani unayajua, yamejaa madini. Asidi zikashikana na madini zikaganda. Yaani mwili wake umejitengenezea kitu kama sabuni, na sabuni hiyo ikamtunza."

"Imetunza nini?"

Daktari alisogeza taa. Kwenye shingo palikuwa na mfereji mpana, bapa, unaozunguka hadi kisogoni. Ndani yake ilionekana mistari ya mshazari kama ya ukili. Sehemu moja, chini ya sikio la kushoto, palikuwa na alama nene ya mshono uliopinda.

"Alinyongwa kutoka nyuma," alisema Namelok. "Kwa mkanda wa kusukwa, uliowahi kukatika ukashonwa. Mwili huu ungeoza kama miili mingine, alama hii usingeiona kamwe."

Faudhia aliipiga picha kila upande. Mtu aliyechafuliwa jina kijiji kizima alikuwa amebeba ushahidi wake mwenyewe.

"Kuna kingine," alisema daktari. "Mfuko wa ndani wa koti."

Kwenye sinia vilikuwepo vipande viwili vya nta, kila kimoja kikiwa na muhuri wa kikundi: nyuki juu ya mlima. Kimoja kilikuwa cha manjano iliyoiva. Kingine kilikuwa kimepauka.

* * *

Mkemia wa maabara aliitwa Hans, mtu mwembamba anayependa kueleza mambo huku akitembea.

"Watu hudhani nta na mafuta ni vitu viwili visivyojuana," alisema. "Ni ndugu. Mafuta ya mwili wako, nta ya nyuki, hata ule weupe kwenye jani la mgomba unaofanya maji yateleze, vyote vimejengwa kwa asidi za mafuta. Kwenye mafuta, asidi imeshikana na gliserini. Kwenye nta, imeshikana na alkoholi ndefu, ndiyo maana ni ngumu na inadumu. Nta ya nyuki ikikaa topeni miaka, inabaki nta."

"Kwa hiyo hiki kilichopauka hakikupaushwa na tope?"

"Hata kidogo. Tazama."

Alivipasha moto vipande vidogo kwenye maji. Kilichopauka kililegea mapema, cha manjano kikiwa bado kimesimama. Kisha akavichemsha, kila kimoja katika chupa yake, pamoja na spiriti na magadi makali ya kutengenezea sabuni. Chupa ya nta ya manjano ikawa angavu kama chai ya rangi. Ya nta iliyopauka ilibaki na ukungu, na juu yake vikaelea vitone vyenye kung'aa.

"Magadi hushambulia pale asidi iliposhikana na mwenzake," alisema Hans. "Nta ya kiumbe hai ina mahali pa kushikwa. Hivi vitone havina. Hii ni parafini, afande, nta ya mishumaa ya dukani, inayotoka kwenye mafuta ya ardhini. Haijawahi kupita kwenye tumbo la nyuki."

"Imechanganywa makusudi?"

"Imeyeyushwa pamoja, ikamiminwa, ikapigwa muhuri. Aliyefanya hivyo alikuwa na muhuri."

"Na marehemu alijuaje? Hakuwa na maabara."

Hans alicheka. "Mfuga nyuki? Angeitafuna tu."

* * *

Penina aliwapokea Faudhia na Sajenti Lerionka kwenye baraza la nyumba yake. Alikataa kukaa mpaka wageni wamekaa.

"Muhuri wa kikundi huwekwa na nani, mama?" aliuliza Faudhia.

"Reginald. Nta yote hupelekwa kwake, yeye huyeyusha na kumimina. Wafugaji hatugusi muhuri."

"Mume wako alikuwa na wasiwasi wowote kabla ya kutoweka?"

"Alirudi siku moja amenuna. Akasema, 'Mama Bariki, kuna mtu anauza jina letu.' Sikumwelewa. Kesho yake alikwenda kwenye mizinga, hakurudi." Alinyoosha kitenge magotini. "Walinishauri nivue pete, nikakataa. Waliniambia nikae viti vya nyuma kanisani ili watu wasinisengenye. Nikakaa mbele. Namjua niliyeolewa naye."

Faudhia aliaga, akashuka kwenda kwa Reginald.

Walimkuta kwenye ofisi ya kikundi, shati jeupe, picha ukutani akipeana mikono na wanunuzi wa nje.

"Masikini Anaeli!" alisema. "Nimesikia. Labda alirudi kwa siri, yakamkuta."

"Ulimwona akipanda gari?"

"Kabisa."

"Amevaa nini?"

"Shati la mikono mifupi. Kulikuwa na jua kali."

"Masika?"

Reginald alisita. "Jua hutoka hata masika, afande."

"Alikutwa na koti zito. Nta ya kikundi unaiyeyushia wapi?"

"Hapa hapa, uani."

Lerionka alikwenda kuangalia. Jiko la uani lilikuwa limeota majani. Majirani walipoulizwa, walisema miaka hii katibu hupakia mapipa kwenye gari na kuyapeleka mjini. Dereva aliyezoea kukodiwa aliwaonyesha mahali: ghala nyuma ya soko la Kwa Mrombo.

Waliingia na hati ya upekuzi. Ndani kulikuwa na maboksi ya parafini nyeupe hadi darini, sufuria kubwa yenye ukoko wa nta, na pipa lililofungwa kwa mkanda wa kusukwa. Faudhia aliufungua mkanda akauvuta taratibu kati ya vidole. Katikati ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene wa fundi viatu, na mshono ulikuwa umepinda.

* * *

Katika chumba cha mahojiano, Faudhia aliweka mezani vipande viwili vya nta.

"Ipi ya kwenu?"

"Zote zina muhuri wetu."

"Moja ina parafini. Sawasawa na ukoko wa sufuria yako ya Kwa Mrombo."

"Kuchanganya nta si kuua."

"Kweli." Aliuweka mkanda mezani. "Huu wa nani?"

"Ni mkanda tu. Mikanda iko mingi."

"Mshono huu uko mmoja."

Aliweka picha ya shingo. Reginald aliitazama, kwanza kwa haraka, kisha akashindwa kuondoa macho.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti ndogo. "Maji yale... Nilidhani yatamwozesha haraka."

Faudhia alimsogezea picha karibu zaidi. Lerionka alikuwa anaandika.

"Yamemtunza, Reginald. Mafuta ya mwili wake yameganda na kushika kila kitu ulichomfanyia. Sasa sema kwa mdomo wako."

Reginald alifunika uso. Alipoufunua, hakuwa tena yule mtu wa picha za ukutani.

"Mvua zilikataa. Maua hayakutoka, nyuki wakahama. Wanunuzi wakauliza kama tutaweza mzigo mkubwa zaidi. Mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikasema Meru haishindwi. Watu walinipigia makofi, afande. Wazee waliokuwa wananiona mtoto wa mtu asiye na shamba waliniita nyumbani kwao kuniomba ushauri. Ningerudi vipi kusema nta hakuna?"

"Ukaongeza parafini."

"Kidogo. Kisha zaidi kidogo."

"Anaeli?"

"Alinikuta kule kwenye mizinga, nimekuja kuchukua mapipa. Mkanda ulikuwa begani kwangu. Akanionyesha vile vipande. Akasema, 'Reginald, hii siyo yetu. Jumapili baada ya ibada uwaambie mwenyewe, nami nitasimama kando yako. Usiposema, nitasema mimi.' Nilimsihi. Nilipiga magoti. Akasema jina la watu wote wa mlima haliwezi kuvunjwa ili la mtu mmoja lisimame. Akanipa mgongo, akaondoka."

"Ukamfuata."

"Nikamfuata hadi chemchemi."

"Na mwanamke wa Moshi?"

"Hakuwepo. Nilihitaji watu wamdharau, wasije wakamtafuta."

Alisaini maelezo yake. Faudhia alimtazama akipelekwa mahabusu. Hakumchukia kama alivyotarajia. Alijisikia tu amechoka, na amesimama wima.

* * *

Alimpelekea Penina habari mwenyewe. Penina alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Alimwambia atasimama kando yake?"

"Ndivyo alivyokiri, mama."

"Huyo ni Anaeli." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, naye hakuyafuta. "Uso wake upo?"

"Upo."

"Basi nitamuaga nikimtazama."

Siku ya mazishi, wanakikundi wenyewe walikuwa wamekwisha kuwaandikia wanunuzi, wakaichukua tena nta yote yenye shaka na kusema ukweli. Mzee Emmanuel alisoma barua hiyo mbele ya jeneza. Alipomaliza, dereva wa gari la mwili alishauri wapite njia ya juu, ndiyo fupi, na haina watu.

"Hapana," alisema Penina. "Tushuke mpaka barabara kuu, tupite katikati ya Kikatiti. Mchana huu. Na uendeshe polepole."

Gari liliposhuka, wenye maduka walitoka wakasimama vibarazani. Wauza ndizi waliacha mizani. Wanaume walivua kofia, mmoja baada ya mwingine, mpaka upande mzima wa barabara ukawa kichwa wazi. Penina alitembea nyuma ya gari, shingo imenyooka, hageuki kulia wala kushoto.

Faudhia alikuwa amesimama kwenye njia panda akiwa na sare kamili. Jeneza lilipofika mbele yake, alikusanya visigino na kumpigia mfuga nyuki saluti.