Waya wa Chini ya Kiti

Rafiki yangu, fundi umeme wa magari, siku hizi hafungi mlango wa karakana hata mvua inyeshe.

Aliletewa pikapu aiwekee taa za ziada mbele. Akatia komeo mlangoni, apate giza la kujaribia taa, akijua shemeji yake anayemsaidia yuko nyuma ya gari. Akitafuta pa kuchukulia umeme, akamulika waya mweusi asioujua, umezama kwenye tundu chini ya kiti kuelekea nyuma. Kwa kawaida yeye huuvuta waya huku, shemeji akatazama upi unacheza kule.

Akauvuta mara mbili. Nao ukavutwa kutoka kule nyuma, mara mbili.

“Umeuona, shemeji?”

Waya ukakwaruza bati, ukavutwa kwa nguvu mpaka kiganja chake kikagonga sakafu.

“Acha utani bwana, utanikata vidole!”

“Utani gani?” Shemeji alijibu kutoka nje, akigonga mlango. “Nifungulie, nimeleta fyuzi.”

Rafiki yangu akashika koleo, akaukata ule waya. Kipande cha upande wa pili kikazama tunduni taratibu, kikikwaruza bati.

Kisha ncha yake ikachomoza tena. Plastiki ilikuwa imemenywa vizuri, shaba iko wazi, tayari kuungwa.