Kanga ya Mardhiya Gazetini

Asubuhi ile soko la samaki la Bagamoyo lilikuwa na watu wengi kuliko samaki. Alawi, mpiga picha wa Dar es Salaam asiye na mwajiri, alikuwa ameinamia vibua waliooza, kamera jichoni, mara nguo ya rangi ya chungwa ikaziba kioo.

"Hee! Waliooza wanapigwa picha, wazima tunaachwa?"

Alikuwa Mardhiya, binti wa karani wa shamba la mkonge. Kanga yake mpya alizawadiwa na shangazi yake Adija, mwuza kanga, kabla robota la kanga hizo halijafunguliwa dukani. Alawi alicheka, na moyo wake ukaenda zake.

Mapenzi yalipokolea, Mardhiya alimpeleka mtoni, wanawake wanakochimba kombe za kitoweo matopeni. Maji machafu ya mkonge yalishuka hapo kwenda baharini, yananuka, yanawasha.

"Piga miguu yangu ilivyochubuka. Uso hapana! Nikijulikana, baba atafukuzwa kazi na nyumba."

"Naapa, mpenzi. Kiunoni kushuka chini tu."

Akatimiza. Wanaume bwana! Picha ilipotoka gazetini uso haukuwapo, lakini maneno ya kanga yalisomeka yote: UMENIJUA JANA, LEO WANITANGAZA. Mji mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Mardhiya aliogopa, akajifungia ndani. Alawi alipobisha hodi, hakufunguliwa.

"Umeniuza, Alawi!"

"Wallahi sikujua! Mimi nilitazama vidonda."

"Kanga ina jina, na jina husomwa. Kesho Kibwana, nyapara wa shamba, anakuja mtoni kunitafuta. Nenda zako."

Alawi alikwenda kwa Bi Adija. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mharibifu."

Akamwomba afungue robota, akapiga na magoti.

Kesho yake maji yalipokupwa, Kibwana alishuka mtoni na gazeti mkononi, akaduwaa. Wanawake wote, vijana kwa vizee, walikuwa wamejifunika kanga ile ile mpaka usoni.

"Ya nani hii?"

"Yangu," akasema Mwaija, akiendelea kuchimba kombe.

"Yangu," akasema Sikuzani.

"Yangu! Yangu!"

Kibwana akatema mate, akarudi shambani kuuliza afanyeje.

Alawi alitoka mikokoni alikojificha, asimjue wake ni yupi. Akatazama miguu. Kidonda kile alikifahamu, akakisogelea.

"Umenijua jana," Mardhiya akasema bila kugeuka. "Leo je?"

"Leo nataka kukuoa."

"Bado naogopa, Alawi."

"Hata mimi."

"Basi tupige picha sote. Halafu kamlete mjomba wako kwa baba aje kuposa, kabla Kibwana hajarudi."