Moshi wa Pipa la Mbegu za Kuhe

Kila asubuhi shangazi Mariyamu alifagia kituo cha samaki hapa Rumonge, kando ya ziwa, nami nilimfuata na ndoo kwa heshima kama ya waziri. Shule yetu ya bweni ilikuwa imefungwa. Ilikuwa Juni 1972. Malori ya jeshi yalikuwa yamechukua watu mjini, na majina yao hayakutajwa kwa sauti.

Saa mbili bwana Hyacinthe, mkuu wa kituo, alifungua pipa dogo la chuma na kuchovya kijiti. Ndani mlikuwa na hewa iliyopozwa hadi ikawa maji, yenye baridi kupita barafu yoyote. Humo, ndani ya mirija, zilihifadhiwa mbegu za kiume za kuhe, samaki aliyekuwa akipungua kwenye nyavu zetu, zikingoja kuunganishwa na mayai. Kijiti kilitoka cheupe kwa barafu hadi pale maji yalipofika, akapima kwa vidole.

"Vidole sita," alisema. "Barabara ya Bujumbura imefungwa, hakuna maji mengine yatakayoletwa. Yakiisha, mbegu zinakufa."

Nilisikia vizuri sana. Lakini binamu yangu Kassimu alikuwa amesema sisi wa bweni tunajua Kifaransa tu, nami nilitaka kumwonyesha. Adhuhuri, mlinzi, mzee Lukeba, alikwenda kula na kuacha mlango wazi. Nikamwita Kassimu, nikavaa glovu za mkuu, nikachota kwa upawa, nikamimina kwenye beseni la maji. Moshi mweupe ulitambaa hadi magotini.

"Kassimu," nikasema kwa sauti ya padri, "ungama."

Alikimbia akaacha kandambili moja. Nikachota tena, nimtishe akirudi. Hakurudi.

Kesho yake kijiti kilionyesha vidole viwili.

"Nani aliingia hapa?" aliuliza Hyacinthe.

"Ufunguo iko kwangu peke yangu, shefu," alisema Lukeba. "Lakini sikugusa."

Lukeba alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mwezi ule kutoka Kongo kulitosha kuwa kosa. Sajini aliyekuja kukagua ofisi alisikia yote. "Umeharibu mali ya serikali. Panda gari."

Lukeba alivua saa yake, akampa shangazi. "Mupelekee muke wangu, mama Bora. Umwambie asiningoje na chakula."

Nikasimama mbele ya sajini. "Ni mimi," nikasema. "Nilitaka moshi."

"Unamficha Mkongomani?" aliuliza sajini.

Shangazi aliingiza mkono kwenye ndoo yake ya taka, akatoa kandambili ya Kassimu, aliyoifagia asubuhi ile karibu na pipa. Kassimu aliitwa, akaeleza kila kitu huku akilia. Sajini alinipiga kofi, akaondoka bila Lukeba.

Hyacinthe hakungoja. Kuhe jike mmoja alikuwa na mayai yaliyokomaa, basi mbegu ziliyeyushwa siku ileile. Kwenye darubini, nyingi zilikuwa zimekufa. Mirija mitatu tu ilikuwa na uhai. Baada ya siku chache, vifaranga wachache walitikisika ndani ya beseni.

Jioni ya siku walipoanguliwa nilikwenda kwa Lukeba kuomba msamaha. Mkewe alikuwa akifunga mizigo.

"Tunarudi Uvira," alisema Lukeba. "Hapa sipati usingizi tena. Sikiliza, mutoto. Ulisema kweli, ndiyo maana niko hai. Murakoze, asante. Lakini mzaha wako ulitaka mtu wa kuubeba, ukanikuta mimi. Siku nyingine, kabla ya kucheka, uliza kwanza nani atabebeshwa."

Nilimsaidia kubeba magodoro hadi kwenye mtumbwi.