Ukurasa Usiokuwepo

Kila Ijumaa jioni, barazani kwa Masoud Uweso pale Makorora, Zuleha aliwasomea wageni.

Masoud ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba. Mkewe, Saleha, anauza vitumbua hapo hapo barazani asubuhi. Ijumaa, baada ya sala, Masoud hagusi spana. Wenzake huja, hunywa kahawa, hula kashata. Kisha yeye humwita bintiye.

"Zuleha! Lete kitabu, uwasomee baba zako."

Zuleha yuko darasa la nne. Alikishika kitabu kwa mikono miwili. Sauti yake ilipanda na kushuka vizuri. Hakukwama hata mahali pamoja.

"Mashaallah!" wageni walisema. "Masoud, huyu atakuja kuwa hakimu."

"Nimemfundisha mwenyewe," Masoud alijibu, akijikausha asicheke.

Kitabu kilikuwa kile kile kila Ijumaa, tena cha darasa la kwanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ijumaa moja alikuwepo Praxeda, mpangaji mpya wa chumba cha uani. Ni binti wa vibarua wa mkonge huko Muheza. Amesomea ualimu na ana cheti. Kazi hana. Anasubiri ajira mwaka wa nne sasa, huku anashona nguo za watu. Shule zinalia hazina walimu. Walimu wanalia hawana shule. Wakubwa wanavisikia vilio vyote viwili na wanajibu kwamba mipango inaendelea.

Zuleha alisoma habari ya mbuzi wa Bibi. Mbuzi alikata kamba. Zuleha akafunua. Mbuzi aliingia bustanini, akala mchicha wote, Bibi akalia. Zuleha akafunua tena.

Praxeda alikuwa ameketi nyuma yake. Aliinua shingo, akatazama kitabu, akatazama tena. Ukurasa wa mchicha haukuwepo. Ulikuwa umechanwa zamani, labda na mtoto mdogo, na kilichobaki ni kipande chembamba kwenye mshono. Zuleha alikuwa ameusoma wote, tena bila kukosea.

Praxeda alinyamaza mpaka wageni walipoondoka. Hakutaka kumwaibisha mtu mbele za watu. Ndipo akasema:

"Mama Zuleha, naomba karatasi moja ya vitumbua."

Saleha alimpa kipande cha gazeti la zamani. Praxeda akamwonyesha Zuleha mstari mmoja.

"Nisomee hapa, mama."

Zuleha alitazama. Ile sauti ya Ijumaa haikutoka.

"Ma..." alisema. Akamtazama baba yake. Kisha akasema haraka, "Bibi ana mbuzi."

Gazeti lilikuwa linasema habari ya mabomba ya maji.

"Soma!" Masoud alifoka. "Unaona haya nini?"

"Sioni vizuri, baba."

"Huoni! Jana umeona shilingi mia mchangani!" Masoud aliinua mkono.

"Baba Zuleha, usimpige," Praxeda alisema. "Mtoto hajui kusoma. Kukosa kujua si utovu wa adabu."

"Hajui? Basi amenidanganya miaka yote hii!"

Zuleha alikuwa analia sasa. "Sijakudanganya, baba. Wewe ndiye uliyesema nasoma. Mimi nilidhani kusoma ndiyo hivyo."

Mkono wa Masoud ulishuka wenyewe.

Watu wamesahau. Hadithi hii haijasahau. Mwaka 2020, mwezi wa tatu, shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Zuleha alikuwa darasa la kwanza. Walikuwa wamefika kwenye ma, me, mi, mo, mu. Wakaambiwa nendeni nyumbani, na nyumbani wakakaa mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Kule Raskazone, kwa wenye fedha, walimu waliendelea kuingia getini, wamevaa barakoa, na watoto walisoma kwenye kompyuta. Makorora tuliambiwa masomo yako redioni. Redio ya Masoud ilikuwa kibandani, inapiga taarabu ili wateja wasikimbie. Hata hivyo Masoud hakumtupa mwanawe. Kila jioni alikaa naye na kitabu kimoja walichokuwa nacho. Alisoma mstari, Zuleha akaufuatisha. Ndivyo naye alivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, alipokuwa mdogo: maalimu anatamka, mtoto anafuatisha, mpaka maneno yanakaa kifuani. Shule zilipofunguliwa, kitabu kizima kilikuwa kifuani mwa Zuleha.

Na shuleni? Shuleni walikimbiza muhtasari. Hakuna aliyewauliza watoto, ninyi mlifika wapi? Walipandishwa la pili. Wakapandishwa la tatu. Darasani walibanana zaidi ya mia. Mwalimu akiuliza, wote huitikia kwa pamoja, na asiyejua hufungua mdomo pamoja na anayejua. Ugonjwa uliandikwa kwenye mabango barabara nzima. Hasara ya watoto haikuandikwa popote.

Jioni ile Saleha alisema waziwazi lililokuwa moyoni mwake.

"Mwezi wa kumi kuna mtihani wa la nne. Asiyefaulu anarudia. Na wewe umeshamwambia dada yako kwamba Zuleha akifeli, ataenda kwake."

Dada yake Masoud, Mwanaidi, ana mgahawa wa chai Horohoro, karibu na mpaka. Alikuwa anataka msichana wa kumlelea mtoto na kuosha vyombo.

"Nilisema nikijua hafeli," alisema Masoud.

"Na neno lako?"

Masoud alikusanya vikombe vya kahawa. Neno alishalitoa mbele ya watu, na huwa halirudishi.

Kesho yake alasiri, Praxeda alimkalisha Zuleha kibandani. Alimwonyesha herufi. Kisha silabi. Kisha maneno. Kisha mistari miwili ya habari fupi aliyoitunga mwenyewe. Masoud alisimama pembeni na tairi mkononi.

"Herufi anazijua," alisema Praxeda. "Ma na ba anazijua. Ikija nya, ikija mbwa, anapotea. Baba Zuleha, mtoto wako amesimama darasa la kwanza, mwezi wa tatu. Yuko pale pale shule ilipofungwa."

"Kwa hiyo arudi la kwanza?"

"La. Tuanzie pale aliposimama, kila siku kidogo, nusu saa tu. Huyu ni mkubwa, ana akili ya miaka kumi. Kilichompita atakipata upesi kuliko mtoto wa la kwanza."

"Na masomo mengine?"

"Atayasomaje, na kusoma hajui?"

Masoud aliokota vifuniko vya soda dukani kwa jirani, akavigonga kwa nyundo mpaka vikawa bapa. Praxeda akaviandikia silabi kwa kalamu ya wino mzito. Zuleha akavipanga. Nya na ma: nyama. Mbu na zi: mbuzi. Akianza kuziimba bila kutazama, Praxeda alivichanganya vyote kwa kiganja.

"Usiimbe. Kiangalie."

Siku moja alimpangia neno la ajabu.

"Nya... bu," Zuleha alisoma. "Nyabu. Mwalimu, nyabu ni nini?"

"Si kitu. Nimelitunga sasa hivi."

"Sasa nalisoma la nini?"

"Kwa sababu hukuweza kulikariri. Umelisoma kwa macho yako."

Zuleha alicheka. Siku nzima alimwita mdogo wake nyabu.

Masoud aliuliza, "Mimi nifanye nini? Sijasomea ualimu."

"Msikilize kila siku. Akikwama, usimtajie neno zima. Mtajie silabi moja, amalizie mwenyewe. Akimaliza, muulize: habari inasema nini? Asipoweza kukwambia, bado hajasoma. Na usimpe kitabu chake. Mpe kitu asichokijua."

"Mbona chuoni tunahifadhi, na ni jambo jema?"

"Jema sana. Aya haibadiliki, na mnaihifadhi kwa ibada. Lakini hata chuoni, kabla ya kuhifadhi, maalimu hakukufundisha herufi moja moja?"

Masoud alifikiri. "Alinifundisha. Tena kwa kijiti, anaigusa herufi. Mimi nikairuka hatua hiyo."

Basi Saleha akawa anamchagulia Zuleha karatasi ya vitumbua kila asubuhi. Akikaanga, Zuleha anasoma. Mara bei ya saruji, mara matangazo ya vifo. Vitumbua vingine viliungua, na wateja walilalamika.

Kisha ukaitishwa mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu mkuu alisema maendeleo ni mazuri. Wazazi walipiga makofi. Masoud akasimama.

"Mwanangu yuko darasa la nne, na hajui kusoma."

Watu walicheka. "Si yule msomaji wa Ijumaa?" mmoja alidakia.

"Ndiye huyo huyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuimba kitabu, nikamtembezea sifa mji mzima. Sasa nendeni nyumbani. Msiwape watoto vitabu vyao. Wapeni karatasi ya vitumbua."

Kicheko kilikatika. Mwalimu mkuu alivua miwani.

"Fundi, umekuja kunifundisha kazi?"

"La, mwalimu. Nakwambia yangu. Baiskeli ikiletwa ina pancha, siulizi imenunuliwa mwaka gani. Naingiza mpira kwenye maji nione unapovujia. Hawa watoto hakuna aliyewaingiza kwenye maji tangu korona."

Mwalimu mkuu alivaa tena miwani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Najua. Mnadhani sijui? Nina walimu tisa na watoto elfu moja. Niliomba walimu. Nimejibiwa nisubiri."

"Mwalimu mmoja anashona nguo uani kwangu," alisema Masoud.

Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi, kabla ya vipindi, saa moja nzima ikawa ya kusoma tu. Watoto wa la tatu mpaka la sita walipimwa, wakagawanywa kwa kile wanachokijua. Darasa halikuangaliwa. Wa silabi walikaa pamoja, wa maneno pamoja, wa habari fupi pamoja. Kila baada ya wiki chache walipimwa tena, na aliyeiva alihama kundi. Praxeda aliwafundisha walimu wawili, nao wakashika makundi. Yeye alifundisha bure. Mpaka leo anafundisha bure. Andikeni hilo kwenye taarifa zenu za maendeleo.

Lakini mzazi alitakiwa kukubali kwanza. Mama Loveness alikataa. Loveness anakaa dawati moja na Zuleha, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wote darasani. Kila kilichoandikwa ubaoni, anakinakili kama kilivyo.

"Wangu akae na watoto wa la tatu?" alisema Mama Loveness. "Kanisani watasemaje? Madaftari yake yamejaa alama za vyema."

"Dada," alisema Saleha, "mpe karatasi hii tu, asome."

"Ya mafuta? Mpe wako."

Mwezi wa kumi mtihani ulifanyika. Matokeo yalitoka Januari. Zuleha alifaulu, kwa alama za chini, lakini alifaulu. Loveness hakufaulu.

Ijumaa iliyofuata wageni walikuja kama kawaida. Shangazi Mwanaidi naye alikuwa ameshuka kutoka Horohoro kumchukua msichana wake. Masoud alimwita bintiye. Zuleha akaja na karatasi ya vitumbua. Alisoma polepole kwa kidole. Alikwama kwenye neno, akalivunja, akaliunga. Wageni walipiga miayo. Kahawa ilipoa.

"Masoud," mmoja alinong'ona, "mbona siku hizi anasoma vibaya?"

"Siku hizi anasoma," alijibu Masoud.

Kisha akamgeukia dada yake. "Neno langu lilikuwa akifeli. Hajafeli. Haendi."

"Na mimi nirudi mikono mitupu?"

Hakurudi mikono mitupu. Baba yake Loveness alisema hana haja ya mtoto anayerudia darasa. Jumatatu asubuhi Loveness alipanda gari la Horohoro pamoja na Mwanaidi, mfuko wa nguo mkononi. Zuleha alimsindikiza mpaka kituoni. Loveness alikuwa na daftari lake kwapani, lenye mwandiko mzuri na vyema vyekundu, ambalo hawezi kulisoma. Alikuwa na miaka kumi. Naye alisimama mwezi wa tatu, lakini hakuna aliyemwendea pale aliposimama. Korona haikumuua mtoto huyu. Walihitajika watu wazima kumaliza kazi: waliofunga shule na waliofungua bila kuuliza, waliompandisha darasa, mama aliyeona haya, baba aliyechoka. Wote wanakula na kulala vizuri.

Wiki ile ile alasiri, Mama Loveness alikuja kibandani. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa amemshika mkono mdogo wake Loveness, Precious, wa darasa la kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema Zuleha.

"Marahaba." Hakuketi. "Mwalimu yupo?"

"Yuko shule bado."

"Basi huyu... mwangalieni huyu mapema."

Zuleha alisogeza tairi, akamkalisha Precious juu ya kigoda cha baba yake. Akamwaga vifuniko vya soda mkekani, akavipanga.

Precious alivitazama mara moja tu. Akainua uso, akafumba macho, akaanza kwa sauti nzuri, "Ma, me, mi, mo..."

Zuleha akavichanganya vyote kwa kiganja.

"Usiimbe," alisema. "Fumbua macho. Hiki hapa, kinasemaje?"